Pangaboi na Akili Zake: Majibu ya Maswali Yenu

Kaskazi imeshika, shuka halikai mwilini, na maswali niliyopokea safari hii karibu yote ni ya feni zinazojiendesha kwa sensa, saa au simu. Nimechagua sita. Mliouliza kuhusu kamera za getini, vuteni subira.

Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam: Kaka, nimeunganisha pangaboi la sebuleni na sensa ya joto niliyoiunda mwenyewe. Nimeliamuru liwake joto likifika nyuzi 29, lizime likishuka chini ya hapo. Sasa linawaka na kuzima kama indiketa ya daladala. Nimekosea wapi?

Makosa ni mawili, na la pili ndilo tamu.

La kwanza ni kutumia mstari mmoja kwa kuwasha na kuzima. Sensa za bei nafuu hazitulii. DHT22, ambayo nadhani ndiyo uliyonunua, inaweza kukosea nusu nyuzi juu au chini, na ndugu yake DHT11 anakosea hadi nyuzi mbili. Kipimo kikicheza kati ya 28.9 na 29.1, pangaboi nalo linacheza. Weka mistari miwili: liwake kwenye 29, lisizime mpaka kipimo kifike 27.5 na kikae hapo dakika kumi mfululizo.

La pili: feni haipoozi chumba. Inakupooza wewe, kwa kukausha jasho kwenye ngozi. Hewa ya sebuleni inabaki na joto lake, tena mota inaongeza kidogo. Sasa kama chumba hakipoi, mbona kipimo chako kinashuka kila pangaboi linapowaka? Fungua hicho kisanduku ulichokiunda. Bila shaka sensa umeibananisha na chipu ya waifai. Chipu ikifanya kazi inapata moto, na sensa inasoma joto la jirani yake badala ya joto la sebule. Pangaboi likianza, upepo unapeperusha moto ule, kipimo kinashuka, mfumo unadhani sebule imepoa, unazima. Dakika mbili baadaye chipu imepata moto tena, mchezo unaanza upya. Mimi mwenyewe nilihangaika na jambo hili wiki nzima, nikabadilisha sensa tatu kabla sijaweka kidole juu ya chipu na kukiondoa haraka.

Itoe sensa nje ya kisanduku kwa waya wa kama sentimita 20, iweke usawa wa kifua, mbali na televisheni na mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Kisha badilisha na mpango wenyewe. Joto na unyevu viamue kasi tu. Kuwaka na kuzima kuamuliwe na kuwepo kwa mtu. Na unyevu usiupuuze: nyuzi 29 za Dodoma unakaa na shati, nyuzi 29 za Dar unyevu ukiwa asilimia 80 unalitafuta pangaboi kwa macho.

Msomaji wa Tanga: Shikamoo fundi. Mwanangu alinifungia sensa ya kutambua mtu chumbani. Nikilala tu, baada ya robo saa feni inazima. Naamka na jasho, napunga mkono, inawaka. Usiku mzima napunga mkono kama nasimamisha basi.

Marahaba. Pole sana, kosa si lako wala si la feni. Sensa hiyo inaona joto la mwili linapohama kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Mtu aliyelala hahami, kwa hiyo kwake chumba ni kitupu. Ukiwa ndani ya chandarua ndiyo hali inazidi, maana neti inaifichia sensa hata ule mkono unaoupunga.

Wauzaji watamwambia mwanao anunue sensa ya rada, ile inayohisi hata kifua kinavyopanda kwa pumzi. Ni nzuri kweli, ila ina ugonjwa wake: inaona kila kinachotembea, zikiwemo panga za feni na pazia linalopepea. Matokeo yake ni feni kujiona yenyewe ikizunguka, ikaamini kuna mtu, isizime tena hadi keshokutwa. Ukiifunga, ibandike ukutani usawa wa kitanda, uso wake uelekee godoro usielekee dari, na upunguze umbali wake wa kuona.

Ushauri wangu kwa chumba cha kulala ni rahisi zaidi: ondoa kabisa amri ya kuzima kwa kukosa mwendo. Tumia saa. Saa nne usiku feni iwe kasi ya juu, saa nane ishuke ya kati, saa kumi ya chini kabisa, maana alfajiri ndipo watu wanapovuta shuka. Saa moja asubuhi izime. Chandarua kinapunguza upepo unaokufikia, kwa hiyo anza na kasi moja zaidi ya ile ungeitumia bila neti. Usizime feni ili kuepuka baridi ya alfajiri. Shusha kasi tu.

Fundi mwenzangu, Mombasa: Mteja amenunua dima janja ya taa, ile ya kupunguza mwanga, anataka niifunge kwenye feni ya dari ili apate kasi tofauti. Niifunge?

Usiifunge. Dima ya taa inakatakata mawimbi ya umeme, na mota ya feni hailipendi hilo: itaguna, itapata moto, na dima yenyewe inaweza kuungua. Mwambie atafute kidhibiti kilichotengenezwa kwa feni, chenye kapasita ndani, kilichoandikwa volti 220 hadi 240. Vya soko la Marekani vya volti 120 achana navyo. Na ukikifunga, ng'oa reguleta ya zamani ukutani. Mbili kwenye laini moja zitakurudisha kwa mteja huyo huyo.

Msomaji wa Dodoma: Nimenunua feni ya kisasa yenye rimoti, nimekifundisha kifaa cha infraredi ishara za rimoti hiyo ili niiamuru kwa simu. Shida, simu inasema feni imezimwa kumbe inazunguka.

Rimoti inasema, haisikilizi. Kifaa chako kinapiga amri kisha kinaandika kwamba imetekelezwa, hata kama mtoto alisimama katikati na amri haikufika. Kitufe cha kuwasha kikiwa ndicho hicho hicho cha kuzima, mmekwisha: mkipishana mara moja, kila kitu kinakwenda kinyume.

Dawa ni soketi au relei (swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme) inayopima wati. Feni za mota isiyo na brashi kama yako hula kama wati 30 kwa kasi ya juu na chini ya wati 2 ikiwa imelala. Uambie mfumo: wati zikizidi 4, feni inazunguka, bila kujali simu inasema nini. Ila soketi hiyo iwe ya kupima tu. Usiitumie kuikatia feni umeme, kwa sababu baadhi ya feni za aina hii umeme ukirudi husubiri rimoti. Kwa kununua hukukosea. Feni ya kawaida ya wati 75 kwa saa nane kila usiku inakula uniti 18 kwa mwezi; yako haizidi 7 na kidogo.

Msomaji wa Muscat: Assalam alaykum. Kiyoyozi changu kina feni ya "auto" na feni ya kuzunguka muda wote. Nimeweka mfumo uizungushe muda wote ili hewa itembee, lakini nyumba inanuka unyevu. Kwa nini?

Waalaykum salaam. Rudisha kwenye auto. Kiyoyozi kinapopooza, unyevu wa hewani unageuka matone ya maji kwenye koili, yale mabomba baridi ya ndani. Kompresa ikipumzika na feni ikiendelea, upepo unayakausha matone hayo na kuyarudisha chumbani kabla hayajachuruzika nje. Unalipia kuyatoa, kisha unayakaribisha tena. Ukitaka hewa itembee, tumia pangaboi: kiyoyozi kiweke 26, pangaboi kasi ya chini, viwake na kuzimwa kwa amri moja.

Msomaji wa Ilala: Tunaishi na mama mkwe. Anazima feni kwenye swichi ya ukutani, mfumo wote unakufa, mume wangu anakasirika. Tumweke kibandiko "usiguse"?

Dada, kibandiko hapana. Swichi ya ukutani ni haki ya kila aliye ndani ya nyumba, na mgeni hapaswi kupewa nywila ya waifai ndipo apate upepo.

Mwambie fundi afunge relei ndogo nyuma ya swichi hiyo. Umeme uende moja kwa moja kwenye relei, na swichi ibaki kumpigia relei ishara tu. Mama akibonyeza, feni inazima. Saa yake ikifika au simu ikiamuru, inawaka, maana swichi haijaukatia mfumo umeme. Ongeza sharti moja: swichi ikiguswa na mkono, otomesheni zinyamaze saa mbili. Hili watu wengi wanalisahau, halafu bibi anazima, mfumo unawasha, anazima tena, na ugomvi unakuwa wa binadamu.

Mchagulie relei inayokumbuka hali ya mwisho umeme ukikatika na kurudi, la sivyo LUKU ikiisha usiku, mkishaingiza tokeni feni zote zitaanza kwa kasi kubwa. Na iwe inayofanya kazi ndani ya nyumba bila intaneti. Bando nalo huisha.

Kabla fundi hajanunua chochote, afungue kisanduku cha swichi aangalie kama kuna waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme, ambao relei inauhitaji. Nyumba nyingi hazina hapo, nyutro inaishia darini kwenye feni. Ikiwa hivyo, relei ikae juu, ndani ya kikombe cha pangaboi, na waya wa swichi uliopo utumike kupeleka ishara. Azime meini swichi kwanza, na apime kwa tester, asipime kwa kidole.