Gauni halina zipu wala kifungo, sasa linafungwaje?

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni fundi cherehani hapa Moshi, kijiwe changu kiko jirani na soko la Memorial. Kuna shule imenipa oda ya magauni saba ya igizo la mahafali, eti wanawake wa Marekani enzi za ukoloni wa Muingereza, miaka ya 1770 huko. Mwalimu kaniachia picha moja tu, gauni limeachana mbele, sioni zipu, sioni kifungo, mfuko ndo hamna kabisa. Lilikuwa linafungwaje? Na hao wamama walikuwa wanafua na kupika saa ngapi na hayo magauni? Nijibu kabla sijakata kitambaa cha watu.

JIBU: Marahaba mwanangu, afadhali umeuliza kabla ya mkasi. Jibu fupi ni pini. Ndio, pini hizihizi unazoweka mdomoni ukipima mteja. Gauni likiachana mbele walikuwa wanaweka kipande cha pembetatu kifuani, halafu kingo za gauni zinabanwa na pini juu yake, kila asubuhi, na jioni zinachomolewa.

Ila usianzie kwenye gauni, anzia ndani. Ya kwanza ni shimizi ya kitani, inavaliwa mchana na usiku inalaliwa, na chini yake hamna kitu (hilo usimwambie mwalimu). Juu yake kibana kiuno kinachofungwa kwa kamba, kimekazwa na zile fito ngumu zinazonyumbulika za kinywani mwa nyangumi. Watu wanadhani kilikuwa cha matajiri wa kujibana hadi wazimie, sio kweli, hata mfanyakazi wa ndani alikivaa, kinashika kifua na mgongo na kinabeba uzito wa magagulo. Wewe nyangumi utamtoa wapi, weka zile kamba za plastiki mafundi umeme wanazofungia nyaya, zinakaa vizuri tu.

Mfuko ulikuwepo, ila haukushonwa kwenye nguo. Ulikuwa kama kipochi kinachofungwa kiunoni na tepe, chini ya gagulo, na gauni linaachiwa mpasuko ubavuni wa kupenyeza mkono. Ndo kibindo cha bibi yako kile, tofauti yake huyu mama wa Marekani haoni aibu kuingiza mkono mbele za watu. Mle ndani kuna funguo, mkasi, sindano, hela. Washonee wale wasichana hivyo vipochi, watavipenda kuliko gauni lenyewe.

Kuhusu kazi, hiyo picha yako ni ya tajiri. Mama wa kawaida alivaa gagulo na kigauni kifupi cha kiunoni, aproni, kitambaa shingoni na kofia, na sabuni alichemsha mwenyewe kwa mafuta ya mnyama na maji yaliyochujwa kwenye majivu. Vitambaa vizuri vilitoka ng'ambo kwa meli, ndo maana Muingereza alipoweka ushuru mwaka 1767 kwenye chai, karatasi, vioo na rangi, watu wakaanza kususia bidhaa zake na wanawake wakakaa vikundi vikundi kusokota nyuzi zao wenyewe. Oktoba 1774 kule Edenton, North Carolina, wanawake 51 walisaini kabisa kwamba chai na nguo za Muingereza basi. Mwambie mwalimu aiweke hiyo kwenye igizo.

Na muulize kama kuna wahusika watumwa, maana kwa magauni saba ya kitajiri naona kama wamesahauliwa. Wao walipewa kitani kigumu cha bei ya chini, na South Carolina mwaka 1740 iliweka sheria iliyotaja hadi aina ya vitambaa walivyoruhusiwa kuvaa. Hapo tafuta kitambaa kizito cha magunia, rangi ya udongo, usiweke urembo.

Kama kuna bibi harusi usimpe nyeupe, hiyo ilishika baadaye sana, baada ya Malkia Victoria kuolewa 1840. Martha, yule aliyeolewa na George Washington Januari 1759, alivaa gauni la njano na viatu vya zambarau, mwanangu, vinameremeta!

Kianzio chukua nusu kabla hujagusa kitambaa, shule zikishafanya mahafali hazipokei simu. Na pini nunua za chuma, zile za kichwa cha plastiki chenye rangi zitaonekana hadi viti vya nyuma.