Kweri ikikubali bila kosa, hapo ndo uanze kuhesabu mistari

Kosa lenye maandishi mekundu mi siliogopi tena, maana lenyewe linakwambia limeumia wapi. Ninaloliogopa ni kweri (swali unaloiandikia databesi kwa lugha ya SQL) inayokimbia vizuri, inaleta namba, namba inapendeza, inaingia kwenye ripoti, ripoti inatumwa kwa wakubwa, halafu baada ya siku mbili mtu wa uhasibu anakupigia anauliza mbona mauzo yako ni makubwa kuliko hela iliyoingia benki. Simu hiyo nimeshapigiwa. Nilikaa mpaka usiku wa manane nakagua vichujio, nakagua tarehe, naifuta SUM, ile ya kujumlisha, naiandika upya, na kila nilichogusa kilikuwa sawa na jibu likabaki lile lile.

Shida ilikuwa hivi, na naieleza polepole kwa sababu naona watu wengi wanazama humu humu. Nilikuwa na jedwali la oda, jedwali la bidhaa zilizomo kwenye kila oda, na jedwali la malipo, nikayaunganisha yote matatu (kwa JOIN) kwa namba ya oda. Sasa chukua oda moja tu. Ina bidhaa 3, na mteja kalipa mara 2, kwanza 400 halafu 600, yaani kalipa 1,000. Ukiunganisha, kila malipo yanakutana na kila bidhaa, unapata mistari 6, na SUM inajumlisha 400 mara tatu na 600 mara tatu, inakupa 3,000. Databesi haijakosea chochote, imefanya ulichoiambia. Na oda zenye bidhaa moja zinatoka sawa kabisa, ndo maana ukichungulia oda mbili tatu za mwanzo unaweza kuona mambo safi ukalala.

Wengi wakifika hapo wanabandika DISTINCT, inayoondoa thamani zinazojirudia. Nakuomba usifanye hivyo. SUM ya DISTINCT kwenye oda hii itakupa 1,000 na utafurahi, ila mteja mwingine akilipa 500 leo na 500 kesho itahesabu 500 moja tu, sasa umetoka kwenye kuzidisha umeingia kwenye kupunja. Dawa ni kujumlisha malipo kwanza yakiwa peke yake, GROUP BY namba ya oda, kila oda ibaki na mstari mmoja wa malipo, na bidhaa uzifanye vile vile, halafu ndo uunganishe. Andika kila kipande kwenye WITH yake, yaani kweri ndogo yenye jina juu ya kweri kuu, utaweza kukikagua kimoja kimoja.

Tangu siku ile nina tabia moja ambayo siiachi hata nikiwa na haraka, nahesabu mistari kabla na baada ya kila JOIN. COUNT(*) tu, haichukui muda. Kama oda zilikuwa 12,480 na baada ya kuunganisha na jedwali la wateja zimekuwa 12,611, nasimama hapo hapo, siendelei mbele, kuna mteja kaandikwa mara mbili mahali. Na zikipungua pia nasimama. Mara nyingi zikipungua ni ile LEFT JOIN, inayotakiwa kubakiza mistari yote ya jedwali la kushoto, ambayo mtu kaiandika vizuri halafu kwenye WHERE (sehemu ya vichujio) kaweka sharti la jedwali la kulia, tuseme hali ya malipo iwe 'imekamilika', basi oda zote zisizo na malipo zina NULL (pengo lisilo na thamani) pale, NULL haipiti sharti, zinatupwa nje na LEFT JOIN yako imeshageuka kuwa ya kawaida. Hamishia sharti hilo kwenye ON, sehemu inayosema majedwali yanaunganishwaje.

NULL inanyamazisha kweri kwa njia nyingine pia. Unataka wateja ambao hawajawahi kuagiza, unaandika NOT IN na kweri ndogo ndani, inakuja tupu, na wewe unajua kabisa wapo. Kumbe kwenye jedwali la oda kuna oda moja tu haina namba ya mteja. NULL maana yake haijulikani, sasa databesi ikiulizwa kama mteja 7 hayumo kwenye orodha yenye kitu kisichojulikana haiwezi kusema ndiyo, na haisemi ndiyo kwa mteja yeyote. Mi NOT IN yenye kweri ndani nimeiacha kabisa, natumia NOT EXISTS, inayouliza tu kama hakuna mstari unaolingana.

Hayo ni upande wa kuuliza. Upande wa kupakia data ndo kuna vituko vinavyotia wazimu, kwa sababu vingine havionekani kwa macho. Kuna faili la CSV (jedwali la maandishi tupu, thamani zinatenganishwa kwa koma) nililetewa, kolamu ya kwanza inaitwa id, naiona pale juu, programu yangu ya kupakia inasema kolamu id haipo. Nikaandika jina upya kwenye programu, nikakagua herufi kubwa na ndogo, nafasi, hamna. Mwisho nikalifungua faili kwa kuangalia baiti zake, nikakuta kabla ya herufi i kuna baiti tatu, EF BB BF. Hiyo ni alama inayoitwa BOM, Excel inaiweka ukihifadhi faili kama CSV UTF-8, kwa hiyo jina halisi la kolamu lilikuwa alama hiyo pamoja na id. Kwa Python unafungua faili kwa utf-8-sig badala ya utf-8, imeisha. Kwa hiyo ukiambiwa kolamu haipo na wewe unaiona, angalia kolamu ya kwanza kabla ya kugusa kitu kingine.

Na kama unaweza, waombe wasilifungue faili kwenye Excel kabisa kabla ya kukuletea. Namba za simu zinapoteza sifuri ya mbele, namba ndefu kuliko tarakimu 15 zinageuzwa sifuri mwishoni, na mistari inayozidi 1,048,576 haiingii kwenye karatasi, mtu akihifadhi hapo imekatika na hakuna atakayejua mpaka ahesabu. Sifuri ya mbele unaweza ukairudisha ukijua urefu wa namba, hizo tarakimu nyingine hazirudi.

Mi kila data inayotoka nje naipakia kwanza kwenye jedwali la kupokelea ambalo kolamu zake zote ni text, yaani maandishi. Zote, hata tarehe na hela. Ikishaingia ndo naisafisha kwa SQL naihamishia kwenye jedwali lenyewe, kwa sababu ndani ya databesi naweza kuuliza ni mistari mingapi tarehe yake haieleweki, ila ikigoma mlangoni naona kosa moja tu kwa wakati. Tarehe ndo nazikazia macho zaidi. 03/04/2023 ni Aprili au Machi? PostgreSQL, ambayo ni programu ya databesi, ikiwa DateStyle yake ni MDY (mwezi, siku, mwaka) itaisoma Machi bila kulalamika, 13/04/2023 ndo itaigomea, na hapo umebahatika maana umeshtuliwa. Tumia to_date na umpe muundo mwenyewe, DD/MM/YYYY.

COPY, amri ya PostgreSQL ya kupakia faili, mstari mmoja ukiwa mbovu inakataa faili zima. Watu wanalichukia hili, mi nalipenda, bora isiingie kuliko iingie nusu usijue nusu ipi. Toleo la 17 la mwaka 2024 lilileta ON_ERROR ignore, inaruka mistari ambayo thamani zake hazigeuki kuwa aina ya kolamu, ukiitumia basi linganisha idadi iliyoingia na iliyokuwepo kwenye faili. Na usihesabu faili kwa wc -l tu (amri ya kuhesabu mistari ya faili), maelezo yenye mstari mpya ndani ya alama za kunukuu yatakuvuruga hesabu.

Ukimaliza kupakia mistari mingi, endesha ANALYZE kwenye jedwali hilo, databesi ikusanye takwimu zake upya. Kweri iliyokuwa ya sekunde moja jana inaweza ikawa ya dakika kumi leo kwa sababu databesi bado inadhani jedwali ni dogo. Autovacuum, kazi ya usafi ambayo PostgreSQL inaiendesha yenyewe nyuma, itakuja kulifanya hilo yenyewe, ila sio papo hapo, na majedwali ya muda haiyagusi kabisa. Baada ya hapo ndo utumie EXPLAIN ANALYZE, inayokuonyesha mpango wa databesi wa kuendesha kweri, na usianze na kuangalia muda, tafuta sehemu ambayo makadirio ya mistari na mistari halisi yameachana sana, ilikadiria 1 ikakuta 90,000, hapo ndo pa kuanzia. Ila kumbuka EXPLAIN ANALYZE inaiendesha kweri kweli kweli. Ukiiweka mbele ya DELETE, imefuta. Anza na BEGIN (inafungua muamala), iendeshe, soma mpango, maliza na ROLLBACK, inayorudisha kila kitu kilivyokuwa. Na hata DELETE au UPDATE ya kawaida mi naianza na BEGIN, nasoma idadi ya mistari iliyoguswa, na kama sio ile niliyoihesabu kwa SELECT dakika moja kabla, siandiki COMMIT, ile ya kuthibitisha mabadiliko.