Jibu: Mkuki wa Kalenga na mkuki wa Nembo ya Taifa

Kamwene ndugu. Umeuliza kama mkuki ulio kwenye Nembo ya Taifa ndio wa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na kama wa kwake unaweza kuonekana.

La, si wa mtu mmoja. Itazame Nembo vizuri: mkuki umesimama wima katikati ya ngao, shoka na jembe vimepishana. Mkuki ni ulinzi wa uhuru. Shoka na jembe ni kazi. Mwenge uko juu.

Ila ukitaka kusimama mbele ya silaha za Wahehe zenyewe, nenda makumbusho ya Kalenga, kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini. Kuna mikuki, ngao, marungu. Usipite haraka. Kwa silaha za namna hiyo, tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, jeshi la Wajerumani chini ya kamanda Zelewski, lenye bunduki na mizinga lilivunjwa, naye akauawa.

Fuvu la Mtwa (mtawala) Mkwawa liko hapohapo. Lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Mimi hapo huwa nanyamaza kabisa.