Unapiga picha tangi lako? Anza na kioo

Msomaji wa Ujiji ametuma picha za frontosa wake, samaki wa Ziwa Tanganyika anaowafuga kwenye tangi la kioo, na swali moja: anunue kamera gani? Samaki wenyewe ni wazuri, wale wa mistari saba ambao wafugaji wa nje huwaagiza kwa jina la Kigoma. Ila picha zina ukungu, mpigaji anaonekana kwenye kioo, na kuna nukta nyeupe kila mahali. Kamera mpya haitaondoa hata kimojawapo. Ndugu yangu, hela yako iache ilipo kwanza.

Maji ya ziwa letu ni magumu, na kila tone linalorukia kioo likikauka huacha doa la chokaa. Nje, futa kwa kitambaa laini chenye siki kidogo, halafu kwa maji safi. Usipulize dawa ya kusafishia madirisha karibu na tangi. Nyingi zina amonia, na amonia ni sumu kwa samaki. Ndani, kwangua mwani kwa sponji au wembe, ukiwa mwangalifu usiburute mchanga, maana chembe moja tu huchora kioo moja kwa moja. Mfuniko wa kioo usiusahau, kwani ukiwa na chokaa unakula mwanga wote wa taa. Kazi hii na kubadilisha maji, asilimia 20 hadi 30, vifanyike siku moja kabla ya kupiga picha. Maji mapya huacha vipovu vidogo kwenye kioo na mawe, na vumbi lililotimuliwa huhitaji usiku mzima kutulia au kunaswa na filta.

Kuhusu vivuli vya chumba vinavyoonekana kwenye kioo: nyumba nyingi za hapa sebule inatazama ziwani, yaani magharibi, na jua la alasiri linaingia lote. Subiri giza liingie. Zima taa za chumba na televisheni, acha ya tangi peke yake, vaa shati jeusi. Kitambaa cheusi chenye tundu la lenzi, ukikishika mbele ya kamera, kinamaliza tatizo lililobaki.

Kamera iwe nyuzi 90 na kioo. Hili halina mjadala. Ukipiga kwa kuinamisha, mwanga unapinda unapotoka kwenye maji, ukapita kioo, ukaingia hewani, na rangi zake zinatengana. Ndiyo ule ukingo wa zambarau kwenye magamba na jicho lisilo na ukali. Kioo cha milimita 10 au 12 kinaonyesha kosa hilo kuliko cha milimita 6. Samaki akiogelea kwenda kulia, usimfuate kwa kugeuza lenzi. Sogea wewe mwenyewe, sambamba na kioo.

Sasa mwanga, na hapa ndipo picha nyingi zinapofia. Flashi iliyo juu ya kamera inapiga kioo na kurudi, na inamulika kila punje ya vumbi iliyo kati yako na samaki. Zile nukta nyeupe za msomaji wetu zimetoka huko. Mwanga utoke juu. Mwenye flashi ya kujitegemea aiweke sentimita 20 hadi 30 juu ya maji, ikielekea chini, na aiwashe kwa rimoti. Chini yake laza plastiki safi inayopitisha mwanga, na uifunge flashi kwa nguvu, kwa sababu kapasita yake hubeba mamia ya volti na ikidondokea majini ni hatari kwako na kwa samaki. Asiye na flashi aongeze taa ya LED juu ya tangi. Mchanga mweupe unasaidia sana, unarudisha mwanga tumboni mwa samaki.

Kwa flashi anza na f/8 au f/11 (upana wa tundu la lenzi; namba ndogo ni tundu kubwa), spidi ya sekunde 1/160 au 1/200, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 200 hadi 400. Kwa taa pekee fungua lenzi hadi f/4, usishuke chini ya 1/125, na ISO ipande mpaka 1600. Chembechembe kidogo za ISO kubwa si kitu. Samaki aliyetoka kama moshi ndiye hatibiki. Ukiona mistari ya giza inakatiza picha, taa yako ya LED inapepesa na umeme, basi jaribu 1/100, ingawa iko chini kidogo ya 1/125. Kwenye simu tumia mpangilio wa pro wenye spidi hizo hizo, zima flashi, na usivute zumu ya kidijitali.

Mtoto wa samaki aitwaye Tropheus duboisi ni mtihani mzuri: mwili mweusi, nukta nyeupe zenye ubluu kwa mbali. Kamera ikiona weusi ule inaongeza mwanga, nukta zinaungua na ubluu unapotea kabisa. Punguza stopu moja, yaani nusu ya mwanga. Fokasi iwe pointi moja, kwenye jicho. Kwa samaki aina ya Cyprichromis, ambao hawatulii, chagua jiwe wanalopitia, weka fokasi hapo, ngoja. Na tafadhali, usigonge kioo ili wageuke. Samaki aliyeshtuka anafifia rangi na kubana mapezi, na utakuwa umemtesa ili upate picha mbaya. Wala rangi usipandishe kwenye programu. Kama unauza samaki, mnunuzi akifungua boksi ataujua ukweli.

Wenzetu wa pwani wenye tangi la chumvi na matumbawe, kanuni ni hizi hizi, ila taa za buluu zinalewesha kamera na kila kitu kinatoka buluu tupu. Kama taa inarekebishika, punguza buluu, ongeza nyeupe. Kama hairekebishiki, weka filta ya rangi ya chungwa mbele ya lenzi na upige faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata. Ule mng'ao wa kijani na pinki unaletwa na buluu yenyewe, kwa hiyo flashi itauzima; tumia stendi na spidi ndogo. Zima pampu ili matumbawe yasiyumbe, kisha jaribu kupiga kutoka juu kupitia kisanduku chenye kitako cha kioo kilichoelea juu ya maji. Kabla ya kugusa swichi ya pampu, tega kengele ya simu kwa dakika 10, maana tangi lenye samaki wengi huishiwa hewa upesi.