Simba hamtaki kijibwa, na mume ataka kumtia mnyororo

*Shangazi, shikamoo. Nina mbwa dume, Simba, wa miaka tisa, hajahasiwa. Tunakaa Tudor, Mombasa, ua mmoja na familia nyingine mbili. Wiki iliyopita mume wangu alileta kijibwa jike wa wiki sita kutoka Mtwapa, ati Simba amfunze ulinzi kabla hajazeeka zaidi. Kijibwa humrukia Simba usoni, humng'ata masikio na kutia mdomo kwenye bakuli lake. Simba alikuwa akinguruma tu, lakini juzi alitoa meno akambamiza chini. Kijibwa alipiga kelele ua mzima ukatoka, ila hakuwa na jeraha. Mume wangu akamchapa Simba kwa ndara. Sasa ataka kumfunga mnyororo mchana kutwa, au ampeleke kwa nduguye Kaloleni. Simba chakula hali vizuri, amehamia nyuma ya tangi la maji. Kijibwa hajachanjwa bado. Nifanyeje?*
*Mama Simba, Tudor*

Marahaba, mwanangu. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini kwenu mwenyeji ndiye aliyeugua.

Simba hana kosa. Mbwa mzima akikerwa huanza kwa upole: hugeuza uso, hujilamba pua, huondoka zake. Asiposikizwa hunguruma, kisha hutoa meno, kisha hupiga mdomo hewani. Kuuma ni mwisho kabisa. Kijibwa wa wiki sita hazijui ishara hizo za mwanzo, kwa hiyo Simba ikambidi apandishe sauti. Na mbwa mkubwa akimbana mdogo chini bila kutoboa hata ngozi, amejizuia kwa makusudi. Zile kelele zilikuwa za woga.

Ndara ndiyo inayonitia wasiwasi. Mbwa akichapwa kwa kunguruma, hajifunzi kumpenda kijibwa. Anajifunza kutonguruma, na siku akichoka atauma bila kumwonya mtu. Mnyororo nao unamnyima njia ya kuondoka, abaki na meno peke yake, na kijibwa aliye huru atamfuata pale pale alipofungwa. Anayehitaji kuzuiliwa ni kijibwa. Kazi yenu kwa wiki kadhaa ni kumkinga Simba dhidi yake.

Kesho mpelekeni kijibwa kwa daktari wa mifugo, abebwe kwenye kikapu, asikanyage chini njiani wala pale kliniki. Ugonjwa wa pavo huua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuhara damu, na virusi vyake hukaa kwenye udongo hata zaidi ya mwaka. Chanjo yake ya kwanza yaweza kutolewa sasa, kisha irudiwe kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka atimize wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akifika miezi mitatu. Dawa ya minyoo ni kila wiki mbili mpaka miezi mitatu, halafu kila mwezi mpaka miezi sita, na hupimwa kwa uzito, kwa hiyo apimwe kila mara. Msiipuuze, maana safura ya mbwa hupenya ngozi ya watoto wanaocheza mchangani bila viatu, na ua wenu ni wa familia tatu.

Simba naye aende, hasa kwa vile hali chakula vizuri. Huenda ni huzuni, huenda ni ugonjwa. Daktari amshike nyonga na magoti, amtazame fizi kama zimepauka, amtafute kupe masikioni na katikati ya vidole, kwani homa za kupe hapa pwani haziishi. Mbwa mwenye maumivu ya viungo akirukiwa mgongoni hawezi kuwa na subira. Dawa ya maumivu itoke kwa daktari. Parasetamo na ibuprofeni za nyumbani zaweza kumuua. Na kijibwa akiwa na kupe, msimwogeshe kwa dawa ya josho ya ng'ombe kama wafanyavyo wengi. Kwa umri huo ni sumu.

Mkirudi, watenganisheni kabisa kwa siku tatu. Kijibwa akae jikoni au stoo, mlangoni kuwe na kizuizi cha mbao na wavu wa kuku, urefu kama sentimita 70, matundu yasipitishe kichwa. Usiku atalia. Mwekeeni katoni na nguo yenye harufu yenu, mtoeni akojoe, mrudisheni. Msugueni kwa kipande cha leso kuukuu, kisha kipande hicho kiwekwe karibu na pale Simba anapokula chakula, si chini ya bakuli. Kipande cha Simba kiende kwa kijibwa. Simba akinusa na kwenda zake, ni dalili njema. Akikikodolea macho akakakamaa, sogezeni mbali na mpe siku nyingine mbili.

Siku ya kukutana isiwe ndani ya ua, kwa sababu hapo ni kwa Simba. Ufuo wa bahari na barabara za mtaa pia hapana, maana mbwa koko hupita na kijibwa hana kinga bado. Ombeni ua wa jamaa asiye na mbwa. Nendeni saa kumi na mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, kwani joto la Mombasa humkasirisha hata binadamu. Wewe mshike Simba, mume wako amshike kijibwa, kila mmoja na kamba ya mita mbili. Tembeeni upande mmoja, mkiachana mita tatu, bila kuwaelekezanisha nyuso. Kamba iwe legevu: ukiikaza, Simba atahisi kuna hatari. Kila akimtazama kijibwa kwa utulivu, mpe kipande kidogo cha nyama. Wakishatulia, waacheni wanusane kwa kuhesabu tatu, kisha waiteni mwendelee kutembea. Dakika tano zatosha. Acheni wakiwa bado wazuri, msingoje waharibu.

Nyumbani, wakutane mara tatu au nne kwa siku, dakika 10 hadi 15, mkiwa macho. Ondoeni kwanza mabakuli, mifupa na kila kitu cha kugombaniwa. Kijibwa awe ameshakula, ameshakojoa na ameshacheza nanyi, ili amfikie Simba nusu amechoka. Akianza kumrukia, mwondoeni nyinyi, mpeni kitu kingine cha kutafuna. Alistahili kukaa na mamake mpaka wiki nane, maana ndugu zake ndio wangemfunza kung'ata kwa kiasi, kwa hiyo somo hilo atalichelewa. Kijibwa hulala saa 18 hadi 20 kwa siku, na akikosa usingizi huwa mkorofi. Huo usingizi ndio mapumziko ya Simba.

Mtafutieni Simba kitanda cha kamba kikuukuu, mkiweke barazani kivulini. Kikiwa na kimo cha sentimita 35 hivi, Simba atapanda bila taabu na kijibwa atabaki chini akitazama. Hapo asiguswe na mtu wala mbwa. Nadhani akipata mahali hapo, tangi ataliacha mwenyewe. Naye awe wa kwanza kusalimiwa mkirudi, na matembezi yake ya peke yake yasikatwe. Mambo haya wengi huyasahau, wakashangaa mbwa kununa.

Chakula, kila mmoja chumba chake na mlango ufungwe. Kijibwa ale mara nne kwa siku, kidogo kidogo, Simba mara mbili. Baada ya dakika 15 bakuli huinuliwa, limalizwe lisimalizwe. Ugali na dagaa peke yake haumtoshi kijibwa anayekua, muulize daktari amchanganyie nini. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, kwa wote wawili.

Na majirani? Kama kuna wanaoswali, mate ya mbwa kwenye nguo au mkeka ni kazi ya kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na kijibwa hana adabu ya kuchagua nguo ya nani. Asiachwe huru chini ya kamba za kuanikia, na mabakuli yasioshewe kwenye mfereji wa wote. Ugomvi wa ua ukianza, mume wako atamlaumu Simba kwa hilo pia.

Mtaona Simba akinguruma tena. Kijibwa akirudi nyuma na Simba akaacha, msiingilie, hilo ni somo. Ingilieni akimfuata aliyekwisha kimbia, akimtikisa, au akimkodolea macho toka mbali, mwili umekakamaa na mdomo umefumba. Msitie mkono katikati ya midomo, pitisheni ubao au mwage maji. Mtu akiumwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo, hata mbwa akiwa amechanjwa.

Wengi huzoeana ndani ya wiki tatu, wengine huchukua miezi miwili. Ila jike huyu ataingia joto kati ya miezi 6 na 12, na Simba hajahasiwa. Kama hamtaki vijibwa tena, ongeeni na daktari mapema. Kwa umri wa Simba, huenda akashauri jike ndiye afungwe uzazi.

Ikipita miezi miwili mkifuata haya na bado Simba humwinda kijibwa, basi nyumba haiwatoshi wawili. Wa kutafutiwa kwingine atakuwa kijibwa, kwani mdogo aliyechanjwa hakosi wa kumchukua, lakini mbwa wa miaka tisa ataishia kufungwa kwenye mti huko Kaloleni. Kubalianeni hivyo na mume wako sasa, kabla hata ya kwenda kwa daktari.