Re: Misri kwenye orodha ya mabingwa wa Wimbledon 1954 ni kosa?

Mkuu, si kosa. Bingwa wa tenisi wa wanaume mwaka huo ni Jaroslav Drobný, mzaliwa wa Prague. Aliikimbia Czechoslovakia mwaka 1949, na baadaye Misri ikampa uraia, ndiyo maana jina lake lina Misri ubavuni.

Huyu jamaa namheshimu sana. Alikuwa ameshapoteza fainali mbili pale pale, 1949 kwa Ted Schroeder na 1952 kwa Frank Sedgman. Mwaka huo wa 1954 ana miaka 32, anatumia mkono wa kushoto, na anacheza na miwani kwa sababu aliumia jicho kwenye hoki ya barafu (mchezo uliompa medali ya fedha ya Olimpiki 1948!). Kwenye orodha ya wachezaji wanaopewa nafasi kubwa ya kushinda, waandaaji walimpanga wa 11 tu. Akamtoa Lew Hoad robo fainali, kisha Budge Patty.

Fainali alikutana na Ken Rosewall, kijana wa miaka 19: 13-11, 4-6, 6-2, 9-7. Taibreka (gemu fupi ya kuamua seti matokeo yakiwa sare) haikuwepo enzi hizo, seti iliendelea mpaka mmoja aongoze kwa gemu mbili. Rosewall alirudi fainali 1956, 1970 na 1974, zote akapoteza.