Mota ya umeme ya boti yenye msukumo wa pauni 55 badala ya 40?

Kwa boti yako ya kilo 900 ikiwa na watu na mizigo, ndiyo, panda hadi 55. Lakini usitarajie mwendo mkubwa zaidi; mota hizi nyingi hazivuki kilomita 8 kwa saa. Unachonunua ni nguvu ya kushindana na upepo na mkondo. Kanuni ya kawaida ni pauni 2 za msukumo kwa kila pauni 100 za uzito, yaani kwako (kilo 900 ni karibu pauni 2,000) karibu 40, na hicho ni kiwango cha chini kwa maji tulivu.

Mimi ningeangalia betri kwanza. Mota ya 55 hutumia volti 12 na hula takriban ampea 50 ikifunguliwa yote, kwa hiyo betri ya asidi ya 100Ah (ampea 100 kwa saa moja) haitakufikisha saa mbili. Chukua ile ya kuchajiwa na kutumika kwa muda mrefu, si ya kuwashia gari. Nyaya ziwe nene, na uweke swichi ya kukata umeme ya ampea 60 karibu na betri. Ukivuka 55, kwa kawaida unaingia volti 24, betri mbili, na uzito wake.

Pima pia urefu wa mhimili wa mota: panga za propela zikitoka majini kwenye wimbi, nguvu yote inapotea.